Lango la Itsukushima halikuchimbiwa chini

Je, nguzo za lile lango jekundu la baharini la hekalu la Itsukushima, Japani, zimefukiwa ardhini? Hapana, hazikufukiwa. Limesimama kwa uzito wake lenyewe, takriban tani 60. Boriti ya juu si gogo zima bali ni kama sanduku, ndani wamejaza mawe ya ukubwa wa ngumi, tani 7 hivi, yalikandamize lisiyumbishwe na mawimbi. Chini ya nguzo kuna magogo ya msonobari yaliyopigiliwa topeni. Hayo ndiyo yanabeba mzigo. Nguzo kuu mbili ni za mti wa kafuri, na lango hili la sasa ni la 1875. Maji yakipwa unalifikia kwa miguu. Ila usichomeke sarafu kwenye nyufa, zinaharibu mbao.