Laptop nimepata, hamu ya kusoma imekata

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa mwaka wa pili, nasoma takwimu chuo kimoja hapa Dar, niliomba famasia sikupata. Mwaka wa kwanza baba aliniambia nikipiga GPA ya 3.5 ananinunulia laptop, basi nikakomaa kweli, semesta ya kwanza nikatoka na 3.6 na mzee akatimiza. Tangu hapo sijielewi, lekcha naingia nikijisikia, madesa (notsi) nafungua wiki ya UE, ile mitihani ya mwisho wa semesta, saa hizi nina 2.9 na sapu moja, somo nililofeli natakiwa kurudia mtihani. Sio kwamba siwezi, hamu tu ndo sina. Nifanyeje, au nihame kozi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza acha kujiita mvivu moyoni, maana naona ndo unakoelekea. Mvivu hapigi 3.6 kwenye takwimu. Wewe ulikuwa unasomea laptop, laptop ikaja, kazi ikaisha.

Hili limeshapimwa kabisa. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga, kundi moja akawa analilipa dola moja kwa kila fumbo na jingine hakulipa kitu, sasa siku malipo yalipokatwa wale waliolipwa wakawa hawavishiki tena vile vipande kama walivyokuwa wakivishika kabla ya kuonjeshwa hela. Mzee wako hana kosa, alikupenda kwa njia anayoijua, ila hamu yako imebaki haina pa kushikia. Baadaye Deci na mwenzake Richard Ryan wakasema mtu anang'ang'ania jambo kwa hiari yake akiwa na mambo matatu: anajiamulia, anajiona anaweza, na ana watu wake. Hebu jipime hapo. Kozi hukuchagua, uwezo umeanza kuutilia shaka, na kwenye barua yako yote hujataja rafiki hata mmoja wa darasani!

Hilo la marafiki ndo naona zito kuliko yote. Tafuta wenzako wawili watatu mfanye diskasheni, lakini sio zile za mmoja kufundisha ubaoni wengine wanapiga picha na simu halafu wanaenda kula chipsi. Kila mtu asome mada, afunge daftari, aeleze mwenyewe bila kuchungulia. Roediger na Karpicke walilijaribu hilo kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006, waliosoma kisha wakajipima kwa kukumbuka walikuwa na mengi kichwani baada ya wiki moja kuliko waliorudia tu kusoma, ingawa baada ya dakika tano waliorudia ndo walionekana wako vizuri. Ndo maana desa la usiku wa UE linakudanganya, unaingia unajiona umeiva kumbe umepashwa moto tu. Tena ukiwa na watu wanaokusubiri saa kumi utaenda hata siku ambayo hamu haipo, na hamu yenyewe mara nyingi inakuja ukishaanza kuelewa, haitangulii.

Halafu hiyo takwimu itafutie kazi yako mwenyewe. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na takwimu zake kwa mikoa na wilaya zipo wazi. Chukua wilaya ya kwenu, tafuta kitu kinachokuuma, wasichana wanaoacha shule, maji, chochote, uchambue kwa mbinu mnazofundishwa semesta hii, hata kama hakuna anayekupa maksi. Na kama moyo wako uko kwenye dawa, basi ujue dawa mpya haiingii sokoni bila mtu wa takwimu kukaa na matokeo ya majaribio, huko kuna nafasi yako na hakuna haja ya kuvaa koti jeupe.

Kuhama mwaka wa pili mara nyingi ni kuomba upya na kuanza mwaka wa kwanza, na kama una mkopo kaulize Bodi ya Mikopo kabla hujagusa kitu. Sikukatazi, ila usiamue ukiwa na sapu, futa hiyo kwanza, nenda ofisini kwa mwalimu wa somo ukamuulize ulianguka wapi. Wanafunzi wengi wanaogopa milango ile bure.

Mzee naye mwambie hiyo 2.9 kabla hajaiona mwenyewe. Akitaka kukuahidi zawadi nyingine, mwombe badala yake awe anakupigia Ijumaa jioni akuulize wiki hii umejifunza nini, halafu umweleze mpaka aelewe.