Hyakutake hakutumia darubini ya chuo kikuu
La, kwamba Hyakutake aligundua nyota ya mkia kwa darubini ya chuo kikuu si kweli. Yuji Hyakutake, Mjapani, aliiona ile nyota ya mkia iliyopewa jina lake mwisho wa Januari 1996 kwa darubini ya macho mawili, kama za manahodha wetu, ila lenzi zake zilikuwa na upana wa milimita 150, kila moja kama kisahani. Na ilikuwa nyota ya mkia ya pili kwake! Ya kwanza aliipata Desemba 1995, akawa anaivizia tena, ndipo akaiona hii ya pili upande uleule. Machi ikapita kilomita milioni 15 hivi kutoka kwetu. Naikumbuka: babu alituamsha kabla ya adhana ya alfajiri, Wete, Pemba, giza totoro, tukaiona kwa macho matupu, ukungu wenye mkia mrefu.