Samaki akiadimika, pika mseto
Kusi likishika na bahari ikachafuka, huku kwetu Wete, Pemba, samaki hupanda bei, na nyumba nyingi watoto hupakuliwa wali mtupu na chai. Linaniuma, maana choroko zimejaa madukani.

Ndugu zangu, wali usiliwe peke yake. Utilie choroko, kunde au mbaazi, uwe mseto.

Protini iliyomo ndani ya mbegu ni akiba ya mche utakaochipua, nasi tunaila akiba hiyo. Gramu 100 za choroko kavu zina protini kama gramu 24. Mchele mkavu wa uzito huohuo una kama 7. Ila wingi si kila kitu. Protini hujengwa kwa asidi amino, na 9 kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima tuzile. Mchele umepungukiwa na mojawapo, laisini, ambayo choroko wanayo tele. Choroko nao wana chache ya asidi amino nyingine, methionini, na hiyo mchele unayo zaidi. Ndiyo maana mseto wa bibi zetu ni chakula cha maana hata siku isiyo na kitoweo.

Mimi choroko za kupaaza naziroweka usiku. Asubuhi nazifikicha kwa viganja hadi maganda yaelee, nayamwaga. Nazichemsha mpaka zianze kulainika, ndipo natia mchele, chumvi na tui jepesi. Tui zito huja mwisho, kisha nasonga kwa mwiko mpaka ushikane. Pembeni weka kachumbari ya ndimu, kwani vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye choroko. Chai isubiri kama saa moja, maana huyazuia madini hayo.

Maharage mekundu yanataka uangalifu zaidi. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, nayo humtapisha mtu na kumharisha. Yaroweke angalau saa 5, mwaga maji yale, tia mengine, uyachemshe kwa moto mkali si chini ya dakika 10 ndipo upunguze moto yaive taratibu.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee mseto laini usio na chumvi, huku ukiendelea kumnyonyesha. Na hata ukizizoea nafaka na kunde, dagaa, mayai au maziwa usiviache kabisa: mbegu hazina vitamini B12. Konzi ya dagaa wakavu juu ya mseto inafaa sana.