Mkuu usifute huo ukurasa wa bei, nilifuta wangu nikalala njaa

USIFUTE. Kama umeshafuta, rudisha usiku huu huu halafu ndiyo tuongee.

Nimesoma bandiko lako ndani ya daladala nikapitiliza kituo. Unauza mabati, ukurasa wako wa bei una baunsi (wanaohesabiwa kuwa wameingia na kuondoka tu) 91%, na "mtaalamu" kakwambia unaharibu wastani wa saiti nzima, ufute na watu uwaelekeze ukurasa wa mwanzo. Ndicho nilichoambiwa mimi 2021, neno kwa neno. Hawa watu nadhani wamesoma darasa moja.

Mimi nauza pampu za visima, Dodoma. Nilikuwa na ukurasa mmoja, sura mbaya, nimeuandika mwenyewe kwa Kiswahili cha dukani: kisima cha mita 60 kinataka pampu gani, cha mita 100 ipi, bei, na namba yangu ya simu chini. Baunsi 88%. Akaja jamaa wa koti la kubana, slaidi 40, laki sita yangu mfukoni, akaniambia watu wakifika pale wanakimbia. Niliona aibu kama mtu aliyekutwa na wageni vyombo havijaoshwa.

Nikafuta. Sikuficha, NILIFUTA, anwani nikaielekeza ukurasa wa mwanzo. Wiki tatu baadaye baunsi ya saiti nzima ikawa 43%. Jamaa akanitumia grafu na vikatuni vya makofi, mimi nikawanunulia vijana wa dukani soda. Ilikuwa Agosti, kiangazi kimekolea, kipindi ambacho simu yangu huwa hailali. Ikalala fofofo. Nikalaumu mtandao, nikabadilisha laini (chekeni tu, nimeshazoea). Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Kongwa aliyekuja mwenyewe dukani: "Mwanangu, ile karatasi yako ya mita kule kwenye simu umeipeleka wapi? Fundi wangu alikuwa anaisoma kwanza ndipo anakupigia."

Nilikaa chini, mkuu. Juu ya boksi la pampu.

Watu hawakuwa wanakimbia. Walitafuta Google, wakaangukia pale, wakasoma, wakapata jibu, wakapiga simu. Google Analytics (programu ya kuhesabu wanaoingia kwenye saiti) ya wakati ule haikuwa na habari na simu. Mtu akifungua ukurasa mmoja asifanye tukio jingine, ni baunsi, hata kama amesoma dakika 20. Na muda wake unaandikwa sifuri, maana muda ulipatikana kwa kutoa saa ya kuingia kwenye saa ya kitendo kinachofuata, na kitendo kinachofuata hakikuwepo. Kwa hiyo ukurasa wangu ulionekana mbovu kwa sababu ulikuwa unajibu watu wakaridhika. Ile 43% ya makofi? Wateja waliondoka, wakabaki wanaolijua jina la duka wanaozurura humo ndani. Nilipunguza foleni kwa kufunga mlango, nikalipia na fundi wa kufunga.

Kurudisha sasa. Nakala sina. Nikaokoteza maandishi Wayback Machine (hazina ya nakala za zamani za kurasa za mtandao), picha hamna hata moja. Na kwa Google, ukiuelekeza ukurasa mahali pasipohusiana nao, ukurasa huo unaweza kuhesabiwa kama haupo kabisa. Miezi mitano ndipo simu zikarudi, na mvua imeshanyesha, nani anataka pampu?

Sheria yangu ni moja: ukurasa wa kuingilia (ule mtu anaoufikia kwanza akija kwenye saiti) haufutwi kabla hujahesabu simu. Usinijibu na asilimia.

Najua utasema toleo lile la Analytics lilikufa Julai 2023. Kweli. La sasa, sesheni (ziara moja ya mtu kwenye saiti) ikipita sekunde 10, au ikagusa kurasa mbili, au ikawa na tukio muhimu (kitendo ulichokitia alama kuwa cha maana kwako), si baunsi. Kwa hiyo 91% yako maana yake wengi hawafikishi hata sekunde 10. Sawa, lakini anayetaka bei ya bati geji 30 anahitaji sekunde ngapi? Anaona bei, anabonyeza namba, kwaheri. Na kubonyeza namba ya simu hakuhesabiwi kwenyewe, lazima uunde tukio, Tag Manager (chombo cha Google cha kuweka vipimo kwenye saiti) inatosha, kisha uliweke kuwa tukio muhimu. Ukishafanya hivyo kila anayebonyeza anatoka kwenye baunsi. Yule mtaalamu wako alikugusia hili? Wangu naye alimaliza slaidi 40 bila kuuliza hata mara moja wateja wangu wananunuaje.

Halafu uangalie ripoti ya kurasa za kuingilia, siyo ile ya kurasa zinazotazamwa zaidi. Kwenye ripoti hiyo baunsi ya ukurasa inatokana na sesheni zilizoanzia pale tu. Kama zilizoanzia pale ni 11 mwezi mzima, hiyo 91% ni watu kumi, huenda na wewe mwenyewe umo.

Leo weka daftari karibu na simu. Kila anayepiga muulize ametuona wapi, andika. Baada ya wiki mbili leta hesabu hapa, na jina la ukurasa watu wanaoutaja. Mpaka hapo mkono wako ukae mbali na kitufe cha kufuta.