Maswali ya wasomaji: pipa la mafuta ghafi na pampu za Kisumu

Redio ilisema mafuta ghafi yameshuka bei, lakini petroli yangu haikushuka. Kwa nini? (Mwendeshaji bodaboda, Kondele)

Ndugu yangu, Kenya hainunui mafuta ghafi. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo tunaagiza petroli na dizeli iliyokwisha kusafishwa. Bei ambayo EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi hukokotolewa kwa shehena zilizokwisha kushushwa Mombasa, hivyo nafuu ya leo hutufikia baada ya wiki kadhaa, tena ikiwa shilingi haijadhoofika dhidi ya dola. Isitoshe, tozo zinazotozwa kwa lita, kama ile ya matengenezo ya barabara iliyopandishwa hadi shilingi 25 mwaka 2024, hazisogei hata pipa likiporomoka. Naona ni haki wananchi waelezwe jambo hili waziwazi kila bei inapotangazwa.

Nalima ngano. Je, bei ya mafuta ghafi itapanda au itashuka? (Mkulima, Njoro)

Anayekupa tarakimu moja kwa uhakika anakupotosha. Lililo bora ni kutazama pande zinazovutana. Dunia hutumia zaidi ya mapipa milioni 100 kwa siku. Mwaka 2025 nchi za OPEC, umoja wa wauzaji wakubwa wa mafuta, na washirika wake, Urusi ikiwemo, zilianza kurudisha sokoni mafuta ziliyokuwa zimeyazuia, huku Marekani ikizalisha zaidi ya mapipa milioni 13 kwa siku, na wingi huo huvuta bei chini. Hata hivyo, visima vya Marekani vinavyochimbwa kwa kupasua miamba hupungua nguvu upesi, kiasi kwamba kampuni lazima zichimbe vipya kila mara, na pipa likikaribia dola 60 nyingi huona hasara na kupunguza kazi. Vita navyo hupindua kila hesabu: mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa lilipita dola 120, ilhali Aprili 2020, wakati wa korona, mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa siku moja chini ya sifuri. Mlango-bahari wa Hormuz, ulio kati ya Iran na Oman na uliopitisha takriban moja ya tano ya mafuta ya dunia mwaka 2024, ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kwa hiyo, mzee wangu, panga gharama ya trekta kwa bei ya dizeli iliyo juu kidogo ya ile unayolipa sasa.

Mafuta ya Turkana yatatupunguzia bei? (Mwalimu, Kakamega)

Hapana, Mwalimu. Yaligunduliwa mwaka 2012, na shehena ya kwanza ya mapipa zaidi ya 200,000 iliuzwa nje mwaka 2019. Yana nta nyingi, hulazimu kupashwa moto ili yatiririke, na bila kiwanda cha kuyasafisha yatauzwa ng'ambo kwa bei ya dunia. Faida yake ni mapato ya serikali, na sehemu ya wenyeji wa Turkana lazima ilindwe.

Na gati la mafuta la Kisumu? (Mvuvi, Dunga)

Lilijengwa ili kuvusha mafuta ziwani kwenda Uganda. Kwa hiyo halitupunguzii bei: bei yetu hufuata ile ya Mombasa pamoja na gharama ya bomba linaloyaleta mafuta huku.