"Hayati" ni ya marais peke yao?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana wa Mikindani, Mtwara. Mwaka huu ametutoka mzee wa mtaani kwetu, tuliyezoea kumwita Babu. Ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni na watoto wa shule kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, akiwaeleza habari za milango ya nakshi na boma la Wajerumani. Tunataka kumwekea kibao. Mwenzetu ameandika: "Kumbukizi ya hayati Babu, mhifadhi wa urithi. Tutakuezi daima." Mwingine amekataa, anasema hayati ni neno la viongozi wa nchi, na mtu wa kawaida ni marehemu tu. Tumegombana hadi kibao kimelala kwa fundi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, wanangu, na poleni sana.

Huyo anayepinga naelewa alikolitoa. Mtwara mmelisikia neno hayati likitangulia jina la Benjamin Mkapa tangu Julai 2020 alipozikwa kwao Lupaso, Masasi. Redioni ni hayati Mkapa, hayati Baba wa Taifa. Jirani akifa, tangazo la msikitini linasema marehemu. Sikio likishazoea hivyo, mtu huona hayati ni cheo, kama vile mheshimiwa.

Si cheo. Hayati limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni uhai, maisha. Ajabu yake ndiyo hiyo: neno la uhai tumelipachika kwa aliyekufa. Marehemu nalo ni ndugu wa rehema na rehemu, yaani aliyerehemiwa. Kwa hiyo anayeona marehemu ni neno la chini analionea bure. Ndani yake mna dua, na sijui heshima gani inaipita hiyo.

Tofauti ninayoiona mimi ni ya matumizi. Marehemu hujitegemea: "marehemu ameacha wajane wawili", "mali ya marehemu". Hayati hupenda kuegemea jina. Ukisema "hayati ameacha wajane wawili", msikilizaji hubaki akingoja uendelee: hayati nani? Tena hayati lina sauti ya hadhara. Hulisikii sana jikoni wala barazani, ila kwenye hotuba na maandishi ya kumtukuza mtu. Kibao ni hadhara. Aliyewasomesha watoto wa mji mzima historia ya mji wao ana haki nalo kama kiongozi yeyote. Andikeni hayati bila woga.

(Wingi wa marehemu ni marehemu: marehemu huyu, marehemu hawa. Hiyo ma- si ya ngeli, imekuja na neno lenyewe. "Warehemu" niliyoiona majuzi kwenye tangazo moja ilinikosesha usingizi. Na mwendazake, ambalo siku hizi limeingiwa na kejeli, msilisogeze karibu na kibao.)

Kumbukizi na kumbukumbu sitawachosha nazo. Kumbukizi ni tukio: mnakutana, mnasoma dua, mnasimulia, mnakula pilau. Kumbukumbu ni kinachobaki kichwani au kwenye maandishi. Kibao hakikutani na mtu, kwa hiyo "kwa kumbukumbu ya". Mwakani mkijumuika pale barazani kwake, hiyo iiteni kumbukizi.

"Tutakuezi" lirekebisheni leo leo. Kitenzi ni kuenzi, chenye n, jamaa wa enzi. Kuezi hakuna, kuna kuezeka, na kwa hali ya mapaa ya baadhi ya nyumba zenu za kale, nalo si wazo baya.

Linalonisumbua zaidi ni "mhifadhi wa urithi". Sarufi yake haina kosa. Lakini mhifadhi siku hizi ni askari wa hifadhi za wanyama, na mgeni atakayesoma atadhani Babu alikuwa akilinda tembo. Mtunza urithi ni afadhali. Hata hivyo, urithi ni neno pana mno. Mashamba ya mikorosho ni urithi, na ugomvi wa ndugu juu yake pia. Ninyi mmenieleza vizuri zaidi kwenye barua kuliko kwenye kibao: milango, kuta, boma lililojengwa 1895. Aliyasema hayo kwa watoto, kwa mdomo wake. Basi yasemeni.

Ningekuwa mimi fundi, ningechonga hivi:

KWA KUMBUKUMBU YA HAYATI BABU
ALIYETUFUNDISHA KUISOMA MILANGO YA MIKINDANI
TUNAKUENZI

Juu ya BABU wekeni jina lake kamili. Wajukuu wa wajukuu zenu watakuwa na mababu wengi.