Mashine ikisoma "noki sensa", usikimbilie duka la spea

Mlima wa Isamilo hapa Mwanza ndio ulionijulisha kwamba gari langu linaumwa. Ni Toyota Spacio ninayobebea dagaa kutoka soko la Mwaloni pale Kirumba kupelekea wateja wangu wa Kisesa na Magu, na mlima ule tumeupanda miaka yote bila shida. Asubuhi hiyo nilikuwa peke yangu, buti tupu, lakini nikikanyaga mafuta gari linajivuta kana kwamba limepakia saruji. Bodaboda zikanipita moja baada ya nyingine. Kabla sijafika juu, taa ya injini ikawaka ya njano.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kusoma hitilafu, akasoma "noki sensa", akanigeukia kwa sura ya msiba. "Mama, hapa ni noki. Injini imeanza kunoki. Tafuta injini nyingine mapema, usije ukalala njiani." Nililala vibaya siku hiyo. Pesa ya injini ndiyo ilikuwa mtaji wangu wa biashara.

Naandika haya kwa sababu neno hilo moja linawatia watu hasara. Kwenye gereji zetu, injini "imenoki" maana yake beringi za konrodi zimekwisha, vyuma vinagongana, na mara nyingi kweli ni kushusha injini. Noki inayosikilizwa na sensa ni kitu kingine kabisa. Ni mchanganyiko wa petroli na hewa kujilipukia wenyewe ndani ya silinda kwa sababu ya joto na mgandamizo, badala ya kuungua taratibu kutoka kwenye cheche ya plagi. Hata mlio ni tofauti. Noki ya mafuta ni kama kokoto ndogo ndani ya kopo, ting-ting-ting, na huja ukiwa unapanda mlima au umepakia mzigo. Noki ya beringi ni ko-ko-ko nzito inayofuata mzunguko wa injini, utaisikia hata ukipiga resi gari limesimama. Ukisikia hiyo ya pili, zima injini na uangalie oili kwanza. Hapo sensa siyo habari yako.

Sensa yenyewe ni kitu kidogo kilichofungwa kwa boliti moja kwenye bloku ya injini. Ndani yake mna kristali ambayo ikitikiswa hutoa umeme kidogo. Kompyuta ya gari, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, inasoma umeme huo. Ikitambua noki inachelewesha cheche kidogo mpaka ugonjwa utulie. Sasa jiulize: kompyuta ikipoteza mawasiliano na sensa, itafanya nini? Haiwezi tena kujua kama noki ipo, kwa hiyo inachelewesha cheche moja kwa moja ili kuilinda injini. Ndiyo maana gari linakosa nguvu mlimani na linakunywa mafuta, huku likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta, linakaa vizuri tu kama halina tatizo. Injini yangu haikuwa inanoki hata kidogo. Ilikuwa inajilinda.

Msimbo wangu, yaani namba ya hitilafu iliyoonyeshwa na mashine, ulikuwa P0325. Ukiuona huo, au P0327, au P0328, usome kwa makini: wa kwanza unasema kuna hitilafu kwenye njia ya umeme ya sensa, wa pili kwamba umeme unaosomeka uko chini mno, wa tatu kwamba uko juu mno. Hakuna hata mmoja unaosema "sensa imekufa". Njia ni sensa, soketi yake, nyaya, na kontroli boksi yenyewe.

Hapa ndipo na mimi nilipokosea. Baada ya kumkimbia yule fundi wa injini nilienda dukani nikanunua sensa mpya, nikafungiwa, taa ikafutwa kwa mashine. Siku mbili. Siku ya tatu nikiwa njia ya kwenda Magu, taa ikarudi.

Aliyeniokoa ni kijana wa umeme wa magari, Nyakato, ambaye hakugusa spana mpaka alipomaliza kupima. Nilisimama pembeni nikimwangalia hatua kwa hatua, na tangu hapo nimekuwa nikiwaeleza watu alivyofanya.

Alianza na soketi. Aliichomoa kwenye sensa, akawasha swichi bila kuwasha injini, akapima kwa mita upande wa nyaya zinazotoka kwenye kompyuta. Kwa Toyota nyingi zenye sensa ya nyaya mbili, hapo unatakiwa upate volti 4.5 hadi 5.5. Mita ikasoma sifuri, na hapo hapo akaniambia sensa mpya nimeionea bure. Kisha akaomba ile ya zamani, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeiweka kwenye dashibodi. Sensa za Toyota za umbo la pete, zenye boliti katikati, zinatakiwa kuwa na ukinzani wa kilo-ohm 120 hadi 280 zikiwa zimepoa. Yangu ilisoma 204. Nzima. Akasema pia, na ni vizuri kulijua hili, kwamba namba nzuri haithibitishi asilimia mia. Kristali inaweza kuwa na ufa na bado ikapima sawa. Lakini namba mbaya inaihukumu moja kwa moja.

Akazima, akachomoa waya hasi wa betri, akafuata nyaya kuanzia soketi hadi kontroli boksi. Waya mzima unatakiwa usome chini ya ohm 1 kutoka mwanzo hadi mwisho, na usiguse bodi popote. Mmoja ulikuwa hausomi kabisa. Alipofungua ile bomba nyeusi ya plastiki inayofunika nyaya, tulimkuta mhalifu: panya. Alama za meno zilikuwa wazi, waya umekatika, shaba yake imegeuka kijani kwa unyevu, na kwenye kona kulikuwa na unga wa dagaa. Gari linalobeba dagaa na kulala nje linakaribisha panya, sikuwahi kuliwaza.

Kuunganisha pia kuna adabu yake. Nyaya za sensa hii nyingi zimevikwa wavu mwembamba wa shaba juu yake, kwa sababu umeme wa sensa ni mdogo na koili za plagi zinapiga kelele karibu. Fundi akizisokota na kuzifunga selotepu, wavu ukaachwa unaning'inia, kompyuta itasoma makelele na taa itarudi. Kijana alichomelea kwa risasi kila waya peke yake, akauvika mpira unaobana kwa moto, kisha akaunganisha wavu nao. Mwisho akapitisha waya mbali na chuma chenye joto.

Kama vipimo vimeonyesha kweli ni sensa, basi badilisha, ila simamia kazi. Kwenye gari nyingi iko chini ya manifoldi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, kwa hiyo manifoldi inatoka. Hakikisha matundu ya kichwa cha injini yamezibwa kwa kitambaa safi, maana nati ikidondokea humo ndipo utanunua injini kweli. Uso wa bloku usafishwe mpaka chuma kigusane na chuma: hakuna washa, hakuna gundi, hakuna rangi. Boliti ya sensa ya pete hukazwa kwa nyutoni-mita (Nm) 20 hivi, kwa spana ya kupimia. Ikilegea haisikii, ikikazwa kwa hasira inasikia vibaya. Ikidondoka sakafuni usiifunge, hata kama kwa nje inaonekana safi. Dukani linganisha namba. Za Toyota kwa sensa hii huanza na 89615, na tarakimu zinazofuata nazo zifanane na za kwako. Mtumba wa Japani siukatai, lakini uupime pale pale kaunta kabla ya kutoa hela.

Ukishamaliza, usilijaribu kwa kupiga resi gereji. Lipashe moto, kisha ulipeleke mlimani. Mimi nilipanda Isamilo na fundi kiti cha pembeni, mashine ikiwa imechomekwa, tukiangalia namba ya muda wa cheche ikisogea mbele na kurudi. Gari likapanda kama zamani.

Sasa kila Jumamosi nafagia unga wa dagaa kwenye buti na kufungua boneti kukagua zile nyaya. Sensa ya zamani, yenye kilo-ohm 204, nilimpa jirani yangu wa Mabatini mwenye gari kama langu. Ya kwake ilipopimwa haikusoma kitu. Ameifunga ile, na anapanda mlima wa Bugando kila siku.